Ncha ya Dunia inayumba kwa siku 433, Euler alipata 305. Siku 128 zimetoka wapi?

#1 Jabali la Mlimwa
Wakuu, habari za jioni. Kuna hesabu moja imenikaa kichwani, naileta hapa tuichambue.

Mwaka 1765 Leonhard Euler alikokotoa kwamba kama Dunia ni kitu kigumu kisichopinda hata kidogo, na mhimili wa mzunguko wake ukaachana na mhimili wa umbo lake, basi ncha ya mzunguko itachora duara dogo juu ya ardhi na kulimaliza kwa siku 305 hivi. Wataalamu wa nyota wakalitafuta duara hilo kwa zaidi ya miaka 100, hawakuliona. Mwaka 1891 Mmarekani Seth Chandler akatangaza kwamba kuyumba kupo, ila muda wake ni siku 427. Vipimo vya siku hizi vinasema 433.

Hesabu ya Euler haina kasoro. Kwa hiyo tofauti ya siku 128 inatoka kwenye Dunia yenyewe, kwa sababu ndani haiko vile alivyoichukulia. Dai langu ni kwamba hizo siku 128 ni alama ya kimiminika kilichoko katikati, yaani kiini cha nje. Mwenye hoja aje.

#2 Nkuhungu Boy
Nimekaa kiti cha mbele. Kabla hamjaenda mbali, hilo duara lina ukubwa gani?

#3 Jabali la Mlimwa
Mita kadhaa tu, mkuu. Sekunde 1 ya tao (sehemu 1 kati ya 3,600 za nyuzi moja) ni karibu mita 31 ardhini, na ncha huwa inaachana na katikati ya duara lake kwa sehemu ya kumi 1 hadi 3 za sekunde. Ni kama mita 3 hadi 9.

#4 Bahi Road
Sasa naelewa kwa nini mvua za Dodoma hazitabiriki. Dunia inayumba, jua linapiga pasipo pake, Desemba unapanda mtama na Januari anga ni jeupe.

#5 Ticha Kongwa
@Bahi Road hapana ndugu yangu, hapo umechanganya mambo matatu, na wanafunzi wangu nao huyachanganya hivyo hivyo.

Kuna mhimili kuzungusha uelekeo wake angani kwa takribani miaka 26,000. Huo ni mvuto wa Mwezi na Jua juu ya uvimbe wa Dunia pale ikweta. Juu yake kuna mitikisiko midogo midogo ya huo huo mhimili angani. Mkubwa kuliko yote una miaka 18.6, James Bradley aliutangaza mwaka 1748, nao unafuata mzunguko wa njia ya Mwezi. Hiyo yote unaiona ukitazama nyota.

Anachosema mleta mada ni kitu cha tatu. Hapa ni ardhi inayohama chini ya mhimili, hata kama mhimili wenyewe angani umetulia. Mita 9 za ncha kuhama haziwezi kubadili pembe ya jua Bahi kwa kiasi ambacho mkulima atakiona. Mvua zetu ziulizie kwenye Bahari ya Hindi.

#6 Mtetemo
Nilisoma jiofizikia hapa hapa UDOM, na mada hii naipenda kuliko zote, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

@Jabali la Mlimwa, umepatia kwamba tofauti inatoka ndani ya Dunia. Ila kiini cha kimiminika hakiongezi siku, kinapunguza. Hesabu inayokubalika, kwa kukadiria, inakwenda hivi. Anza na 305 za Euler. Ruhusu Dunia inyumbuke: siku zinapanda hadi 447. Weka kiini cha nje kiwe kimiminika: zinashuka hadi 397. Ongeza bahari: zinapanda hadi 427. Kisha kumbuka kwamba mwamba wa mantili, yaani tabaka nene lililoko kati ya ganda na kiini, haunyumbuki papo kwa papo, unachelewa kidogo na kupoteza nishati, na hapo unafika 435. Ukilinganisha na 433 zilizopimwa, umekaribia sana.

Kwa nini unyumbufu unaongeza? Kinachoirudisha ncha mahali pake ni ule uvimbe wa ikweta. Ncha ikihama, nguvu ya mzunguko nayo inahama, na Dunia inayonyumbuka inasogeza sehemu ya uvimbe wake kumfuata mhimili mpya. Uvimbe uliosogea hauna tena kazi ya kuurudisha mhimili. Nguvu ya kurudisha ikipungua, safari inakuwa ndefu. Bahari inafanya vivyo hivyo kwa wepesi zaidi maana ni maji.

Simon Newcomb aliiona hoja hii mara tu baada ya tangazo la Chandler: Dunia inanyumbuka na bahari zinafuata. Hakuna aliyekuwa ameshaonyesha wakati ule kwamba kuna kiini cha kimiminika. Richard Oldham alionyesha kiini kwa mawimbi ya matetemeko mwaka 1906, na Harold Jeffreys akatoa hoja ya kwamba ni kimiminika mwaka 1926.

#7 Jabali la Mlimwa
Shukrani mkuu, hii ndiyo niliyoitaka. Sasa nieleze hapo kwenye 447 kwenda 397. Kimiminika kinapunguzaje siku 50? Mimi ningetegemea uzito wa ndani usiokamatika ucheleweshe kila kitu.

#8 Dereva Boza
Jamani ngoja na mimi niseme, ingawa shule yangu iliishia kidato cha 2. Mimi nauza maji kwa boza huku Ihumwa na Nzuguni. Ukikata kona na boza lenye maji, tangi linageuka na gari, maji ya ndani yanaendelea na mwendo wake wa zamani. Mwanzoni usukani unakuwa mwepesi kuliko lori la mchanga lenye uzito ule ule, kwa sababu kilichogeuka ni bati tu. Maji yanakuja kukugonga baadaye.

Je, Dunia si ndivyo? Ganda linageuka, kimiminika kinabaki nyuma, kwa hiyo cha kugeuza ni kidogo, na kitu kidogo kinayumba haraka.

#9 Nkuhungu Boy
@Dereva Boza kumbe ndiyo maana maji yako yanafika jioni, ulikuwa unafanya utafiti kwenye kona!

#10 Mtetemo
@Dereva Boza umeieleza vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi, na jibu la swali la Jabali ni hilo hilo. Mantili inayumba peke yake, kiini hakishiriki sana kwenye huo mwendo wa polepole, kwa hiyo kinachoyumba kina ukinzani mdogo zaidi. Ndiyo maana muda unafupika.

Tofauti mbili tu. Boza lako likiwa nusu maji yanaruka kwa sababu kuna nafasi juu. Kiini cha nje hakina nafasi, kimejaa kutoka kina cha kilomita 2,890 hadi kwenye kiini cha ndani chenye nusu kipenyo cha kilomita 1,220. Pili, mpaka wa mantili na kiini si tufe kamili, umebanwa kidogo kwenye ncha. Kama ungekuwa tufe kamili na laini kabisa, mantili ingeweza kuteleza juu ya kimiminika bila kukisukuma. Ule ubapa ndio unaokishika.

#11 Mpima Viwanja
Naingia kwa upande wa kazi. Mimi ni mpima ardhi, kazi nyingi ziko Mtumba. Mteja mmoja aliwahi kunibana kwamba jiwe lake la mpaka limehama kwa sababu amesikia Dunia inayumba. Nilimweleza, na ninawaeleza na nyinyi: jiwe lako, la jirani yako na vituo vyote vya TAREF11 (mtandao wa taifa wa vituo vya upimaji) vimekaa kwenye ardhi moja. Ncha ikihama, hakuna jiwe linalohama dhidi ya jingine kwa hizo mita.

Inapoumiza ni kwenye setilaiti. Setilaiti inazunguka angani na haijui ardhi imeegemea wapi leo. Ili kifaa changu kitoe nafasi sahihi, lazima mtu awe amepima ncha iko wapi siku hiyo na Dunia imegeuka kiasi gani. Kuna shirika la kimataifa, IERS, linalotoa namba hizo kila wiki. Bila namba hizo vipimo vyetu vya sentimita vingekuwa na makosa ya mita.

Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Ncha ikihama, ardhi yenyewe inapanda na kushuka kidogo kwa kufuata nguvu ya mzunguko. Kwenye latitudo 45 inaweza kufika sentimita 2.5. Sisi huku latitudo 6 kusini ni milimita chache tu. Huo ndio unyumbufu aliousema Mtetemo, unapimika kwa kifaa.

#12 Mama Zabibu
Asanteni kwa elimu. Naomba kuuliza: mwaka 1891 hapakuwa na setilaiti. Huyo Chandler aliona vipi mita 9 za kitu kilichoko huko barafuni?

#13 Jabali la Mlimwa
Swali zuri sana dada. Hakwenda barafuni. Alipima latitudo ya mahali alipokuwa, kwa nyota, usiku baada ya usiku. Ncha ikikusogelea, latitudo yako inabadilika. Kwa mfano sisi tuko longitudo 36 mashariki hivi. Ncha ya kaskazini ikisogea upande wetu mita 5, latitudo yetu ya kusini inapungua kwa mita 5 hizo hizo.

Kinachonigusa kuhusu Chandler ni kwamba alikuwa mtaalamu wa mahesabu ya bima. Alijitengenezea chombo chake mwenyewe, akapima huko Cambridge, Massachusetts, mwaka 1884 na 1885. Miaka hiyo hiyo Friedrich Küstner alikuwa anapima Berlin kwa shughuli nyingine kabisa, naye akakuta latitudo haitulii. Wengi walidhani ni makosa ya hewa au ya chombo. Basi mwaka 1891 Wajerumani wakatuma mtu Waikiki, Hawaii, karibu upande wa pili wa Dunia ukitokea Berlin. Latitudo ya Berlin ilipopanda, ya Waikiki ilishuka, na ilipogeuka nayo ikageuka. Hapo ubishi ukaisha, maana chombo kibovu cha Berlin hakiwezi kupatana na hewa ya Hawaii.

Mwaka 1899 vikaanza vituo 6 vyote kwenye mstari mmoja wa latitudo, nyuzi 39 na dakika 8 kaskazini: Mizusawa Japani, Carloforte Italia, Tschardjui ambayo leo iko Turkmenistan, na Gaithersburg, Cincinnati na Ukiah huko Marekani. Wote walitazama nyota zile zile.

#14 Ticha Kongwa
Nyongeza kwa #13. Kituo cha Mizusawa kililaumiwa mwanzoni kwamba vipimo vyake ni vibaya, havikai sawa na vya wenzao. Mkuu wa kituo, Hisashi Kimura, akachambua na mwaka 1902 akaonyesha kwamba kuna badiliko la mwaka ambalo vituo vyote vinaliona kwa pamoja, halitokani na ncha kuhama. Lilikaa bila maelezo hadi mwaka 1970, Yasujiro Wako alipoonyesha kwamba linatokana na hesabu za mtikisiko wa mhimili zilizokuwa zimefanywa kwa Dunia ngumu, wakati Dunia halisi ina kiini cha kimiminika. Yaani Kimura alikuwa ameona dalili ya kiini miaka 4 kabla ya Oldham, ikakaa kwenye madaftari.

#15 Mtetemo
Ticha, hapo umenifurahisha mno. Kisa hicho kingestahili kuwa kwenye kila kitabu.

#16 Nkuhungu Boy
Mimi nina swali la mtaani. Kitu kinachoyumba huwa kinatulia chenyewe. Mtetemo kasema mwamba unapoteza nishati. Mbona Dunia haijatulia tangu enzi hizo? Nani anaisukuma?

#17 Mtetemo
Hapo ndipo wataalamu wanagombana. Ukiiacha bila kuisukuma, kuyumba kwa Chandler kungefifia ndani ya miongo michache. Lazima kuna kinachosukuma.

Maelezo ninayoyaamini mimi ni bahari na hewa. Mwaka 2000 Richard Gross wa Marekani alikokotoa kwa miaka ya 1985 hadi 1996 na akakuta sehemu kubwa, kama theluthi mbili, ni shinikizo la maji kwenye sakafu ya bahari, likisukumwa na pepo, joto na chumvi. Iliyobaki ni hewa.

Msichanganye na kuyumba kwa mwaka, siku 365, ambako kunatokana na misimu: hewa nzito juu ya Asia wakati wa baridi, theluji, maji ya ardhini. Hayo mawili yanakutana na kuachana, ndiyo maana kila miaka 6 na kidogo duara linapanuka kisha linabanwa.

#18 Hombolo Juu
Naweka langu. Ni matetemeko. Sisi wa Hombolo na Chenene tunayajua, usiku sufuria zinalia kabatini. Tetemeko linahamisha mwamba, uzito unahama, Dunia inayumba. Sumatra mwaka 2004 si ilihamisha ncha?

#19 Mpima Viwanja
@Hombolo Juu, Sumatra ilikokotolewa kuwa ilihamisha ncha ya umbo kwa sentimita 2.5 hivi na kufupisha siku kwa mikrosekunde 2.68, yaani sehemu 2.68 tu kati ya milioni za sekunde moja. Japani mwaka 2011 ilikuwa karibu sentimita 17. Linganisha na mita za kuyumba kwa Chandler. Hata ukijumlisha matetemeko makubwa yote huyapati yanayotosha. Walikuwepo waliolitetea wazo lako miaka ya 1960, kwa hiyo huko peke yako, lakini namba zinakataa. Na yetu ya Hombolo ni tawi la Bonde la Ufa linalotanuka, madogo mno.

#20 Hombolo Juu
Sawa, lakini mpimaji umesahau kwamba tetemeko linapimwa kwa kilichoteleza ghafla. Kuna mteremko wa kimyakimya usiotikisa chochote. Huo nani anauhesabu?

#21 Mtetemo
Hoja yako ina mashiko, mteremko wa kimya upo na GPS inauona. Ila hadi sasa ninavyoyaona mahesabu, bahari inatosha bila kuuita.

#22 Fundi Visima
Niko kwenye kuchimba visima, na mmegusa maji ya ardhini. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa Ki-Weon Seo wa Korea Kusini na wenzake: kati ya 1993 na 2010 binadamu walivuta maji ya ardhini yanayokadiriwa kuwa tani bilioni 2,150, yakaishia baharini, na hilo peke yake lilisogeza ncha kama sentimita 80 kuelekea mashariki. Bila kuweka maji hayo kwenye hesabu, mwelekeo wa ncha haulingani na uliopimwa.

Hapa Dodoma tunaishi kwa maji ya Makutupora. Je, tunachangia?

#23 Mtetemo
Kidogo mno, na si kwa sababu ya wingi tu. Uzito ulioko ikweta au ulioko kwenye ncha hauwezi kuinamisha mhimili. Wenye nguvu ni ulioko latitudo ya katikati, karibu na 45. Ndiyo maana kwenye utafiti huo maeneo yaliyoongoza ni magharibi ya Amerika Kaskazini na kaskazini magharibi ya India. Makutupora iko latitudo 6. Ni kanuni ile ile iliyotoa milimita chache za Mpima Viwanja kwenye #11.

#24 Fundi Visima
Nimekupata. Ila Makutupora yenyewe msiidharau. Kumbukumbu zake za kina cha maji zinafika miaka 55, zilichapishwa mwaka 2013, na zilionyesha kwamba maji yanarudi ardhini hasa miaka ya mvua kubwa kupita kiasi, kama El Niño ya 1997 na 1998. Miaka mingi ya kawaida ardhi hairudishiwi karibu chochote. Watu wanaotumia mafuta ya jenereta usiku na mchana kuvuta maji wangepaswa kulijua hili. Kwa kweli linaniuma kila nikiona mashine inavuta maji bila mita.

#25 Mama Zabibu
@Fundi Visima hata sisi wa mizabibu ya Mpunguzi tunaliona, kisima kilichokuwa kinatosha shamba zima sasa kinapumzishwa mchana. Lakini tusihame kwenye mada.

#26 Bahi Road
Mimi narudi na hoja mpya. Nimesoma kwamba kuyumba kwa Chandler kuliwahi kufifia karibu kabisa miaka ya 1920, kisha kukageuka awamu, yaani ncha ikawa upande wa pili wa duara kuliko ilivyotarajiwa. Wazee wetu wa Ugogo wanasimulia njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Hamuoni uhusiano?

#27 Babu wa Mvumi
Wajukuu, hamjambo. Mtunya nimeisikia kwa waliokula mizizi mwaka ule. Usiitafutie sababu kwenye ncha ya Dunia. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilipita humu. Kila jeshi lilichukua ng'ombe, likachukua mtama, likachukua wanaume kubeba mizigo. Ghala likabaki tupu, ndipo mvua ikakosekana. Mvua ikikosa na ghala lina kitu, watu hufunga mkanda. Ikikosa na ghala limeporwa, watu hufa.

#28 Bahi Road
Shikamoo babu. Nimekusikia.

#29 Babu wa Mvumi
Marahaba. Endeleeni, nawasoma.

#30 Mtetemo
Shikamoo babu, asante.

Kuhusu kufifia, @Bahi Road hilo ni kweli na ni muhimu. Miaka ya 1920 kuyumba kulidhoofika na kukarudi na awamu iliyogeuka karibu nyuzi 180. Na kuanzia karibu 2015 kumedhoofika tena hadi kwa miaka kadhaa kulikuwa karibu hakuonekani. Hapo maelezo yanagawanyika. Kuna wanaosema ni bahati ya misukumo ya bahari na hewa kukinzana na mwendo uliokuwepo. Wapo wanaodhani kiini kina mkono. Mimi niko upande wa kwanza.

#31 Jabali la Mlimwa
Mimi niko upande wa pili, na nitaeleza. Tunajua kiini kinaweza kuisukuma mantili, kwa sababu kinabadilisha urefu wa siku. Ukiondoa Mwezi, ambao unapunguza kasi ya Dunia polepole mno, urefu wa siku unapanda na kushuka kwa milisekunde kadhaa katika miongo. Hewa haina nguvu hiyo kwa muda mrefu hivyo. Mwaka 1988 Jault, Gire na Le Mouël wa Ufaransa walichukua mabadiliko ya sumaku ya Dunia, wakakokotoa jinsi kimiminika kinavyotiririka juu ya kiini, na wakakuta kiasi cha mzunguko ambacho kiini kinapata kinalingana na kile mantili inachokipoteza. Kama kinaweza hilo, kwa nini kisiweze kuinamisha ncha?

Na tusisahau siku zenyewe sasa zimefupika. Tarehe 5 Julai 2024 siku ilikuwa fupi kwa milisekunde 1.66. Mwaka huo Duncan Agnew aliandika kwamba kiini kinapunguza kasi na mantili inaongeza, na kwamba kuyeyuka kwa barafu ndiko kunakotuchelewesha tusilazimike kuondoa sekunde kwenye saa za dunia nzima.

#32 Mtetemo
Kuongeza kasi na kuinamisha si kazi moja. Kuinamisha Dunia unapambana na uvimbe wote wa ikweta. Nguvu ya sumaku inayotosha kwa urefu wa siku ni ndogo mno kwa ncha ndani ya siku 433. Kwa miongo, sawa, nakubali inaweza kuchangia. Hata utafiti wa Zürich wa mwaka 2024, wa Kiani Shahvandi na wenzake, ulikiweka kiini pamoja na barafu, mantili na maji kwenye mwelekeo wa ncha wa muda mrefu. Mwelekeo huo wa muda mrefu ni habari nyingine, kuyumba kwa Chandler ni habari nyingine.

#33 Ticha Kongwa
Nimeona mahali wameandika kwamba kiini chenyewe kina kuyumba kwake kwa siku 430. Si ndiyo hii hii 433?

#34 Mtetemo
Ticha, hizi zimewachanganya wengi, namba zimekaribiana kwa bahati tu. Ile ya 430 unaiona ukitazama kutoka angani, dhidi ya nyota, na inakwenda kinyume na mzunguko wa Dunia. Ya Chandler unaiona ukiwa ardhini, na inakwenda kuelekea mashariki.

Ile ya 430 ndiyo inayokigusa kiini moja kwa moja. Mhimili wa kiini na mhimili wa mantili vinaachana kidogo, ubapa wa mpaka unavirudisha, na muda wa kurudi unategemea ubapa huo. Nadharia ya Dunia iliyojipanga yenyewe kwa mzunguko na uzito wake ilitoa siku 460 hivi. Miaka ya 1980 darubini za redio zilizotandazwa mabara tofauti, zikitazama kwasa (vitovu ving'avu vya galaksi) walioko mbali kabisa, ziliona mtikisiko wa mwaka mmoja ukiwa mkubwa kuliko ulivyotabiriwa. Mwaka 1986 Gwinn, Herring na Shapiro wakatoa jibu: muda ni karibu siku 430, na ili iwe hivyo mpaka wa kiini lazima uwe umebonyea zaidi ya nadharia kwa karibu nusu kilomita. Kina cha kilomita 2,890, hakuna mtu aliyefika, na wamejua umbo lake kwa kutazama nyota. Nilipolisoma mara ya kwanza nilishindwa kulala.

Barani kwetu, darubini ya Hartebeesthoek ya Afrika Kusini ndiyo inayoshiriki kazi hiyo. Natamani siku moja na sisi tuwe nayo, nafasi tunayo.

#35 Mpima Viwanja
Natamani pia. Kituo kimoja tu cha Afrika kusini kabisa ni kichache, nafasi ya ncha inapimwa vizuri zaidi vituo vikisambaa.

#36 Dereva Boza
Swali la mwisho kwangu, nina mteja Nzuguni. Maji yangu yanapiga tangi na kupoteza nguvu. Hayo ya kiini hayasuguani na mwamba?

#37 Mtetemo
Yanasuguana, na inapimika: mtikisiko unachelewa kidogo nyuma ya mvuto wa Mwezi na Jua, na ucheleweshaji huo ni nishati iliyopotea. Ugomvi ni imepoteaje. Bruce Buffett aliandika mwaka 1992 kwamba ni sumaku, yaani uga unaopita mpakani unavutwa kati ya chuma kinachotiririka na chini ya mantili, iwapo pale chini panapitisha umeme vizuri. Wengine wanasema ni mnato wa kimiminika chenyewe, ukiwa na misukosuko. Na wapo wanaosema mpaka una vilima na mabonde yanayokichota kimiminika.

#38 Hombolo Juu
Mimi vilima. Sisi wa miamba tunajua, maji hayapiti kwenye jabali bila kugonga.

#39 Jabali la Mlimwa
Mimi sumaku. Na mnaosema kiini hakina mkono kwenye ncha, someni utafiti wa mwishoni mwa 2023 kuhusu kuyumba kwa kiini cha ndani, kile alichokigundua Inge Lehmann mwaka 1936. Wachina wameona mtikisiko wa miaka 8.5 kwenye ncha, wakakokotoa kwamba kiini cha ndani kimeinama nyuzi 0.17 dhidi ya mantili.

#40 Mtetemo
Nimeusoma. Vipimo vya kila siku vinavyotumika vinaanzia mwaka 1962. Kwa kitu cha miaka 8.5 hiyo ni mizunguko 7 hivi, na humo ndani kuna hewa, bahari na barafu zenye mizunguko yao. Sijaridhika.

#41 Jabali la Mlimwa
Lakini miaka 8.5 hiyo hiyo inaonekana pia kwenye urefu wa siku, mkuu, si kwenye ncha peke yake. Hewa ingefanyaje yote mawili kwa muda mmoja?

#42 Mtetemo
Inaweza, pepo zinabadilisha yote mawili. Kesho nitapakia grafu za urefu wa siku zilizoondolewa hewa na zisizoondolewa, tuzitazame pamoja hapa. Ukiona kilele cha 8.5 kimebaki baada ya hewa kutoka, nitaanza kukusikiliza.